Mfuniko wa Faiba kwa Mashua Kuukuu: Kazi Inayowezekana Masasi na Newala

Mashua ya matanga iliyoundwa kwa faiba, ikitunzwa, hupita miaka 50 bila taabu kubwa. Bodi lake haliozi wala halitobolewi na wadudu wa baharini. Vinavyotangulia kufa ni viungo vidogo: mfuniko wa sitaha uliokanyagwa mpaka ukapasuka, kifuniko cha sanduku la kamba, kava la injini, kisanduku cha betri. Na kiwanda kilichounda chombo hicho katika miaka ya 1960 au 1970 mara nyingi kimeshafungwa, au kimeacha kabisa kutengeneza aina hiyo. Mwenye mashua anabaki na chombo kizima kilichokwama kwa sababu ya kipande kisichozidi ukubwa wa meza ndogo.

Akiwa Mikindani au Mtwara, kwa kawaida macho yake huenda Dar es Salaam au Zanzibar. Makala hii inamwelekeza bara, Masasi na Newala, na inazungumza zaidi na fundi wa huko kuliko na mwenye chombo. Kazi ya kiungo cha faiba ina mambo matatu yanayoamua ubora wake: mkono wa mtu anayechonga umbo la kwanza, ukavu wa hewa siku ya kumimina resini, na uangalifu na kemikali. Hayo mawili ya kwanza huko yapo. La tatu linafundishika.

Asiyeamini kwamba kifaa cha chombo cha majini kinaweza kutengenezwa mbali na maji yake akumbuke meli ya Chauncy Maples. Askofu mwenye jina hilo alifanya kazi ya misheni Masasi na Newala kabla ya kuhamia upande wa Ziwa Nyasa, na huko ziwani alizama mwaka 1895 mashua yake ya matanga ilipopinduliwa na dhoruba. Meli iliyoitwa kwa jina lake iliundwa Uskochi mwaka 1899, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa baharini na nchi kavu, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1901. Kama meli nzima ilifika hivyo, mfuniko wa mashua unaweza kupanda basi Masasi, ukapita Ndanda na Mnazi Mmoja, ukashuka Mikindani siku hiyohiyo.

Mafundi wa faiba nao si wageni kwetu. Wanaoziba bampa za mabasi na kuunga mabodi ya bajaji yaliyopasuka wanatumia resini ileile, mkeka uleule wa faiba na hadina ileile ya kugandishia. Tofauti ni kwamba bampa ikiachia, basi linaendelea na safari. Mfuniko wa sitaha ukiachia usiku wa kusi, maji yanaingia ndani.

Hewa na majira

Resini ya poliesta, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayopatikana, ina adui mmoja mkubwa: unyevu. Mkeka wa faiba ukishavuta unyevu wa hewa hauloi resini sawasawa. Unabaki na mawingu meupe ndani yake, na tabaka halishikani na jenzake. Pwani, ambako chumvi na mvuke havikauki hata kiangazi, fundi hupambana na hilo mwaka mzima. Masasi kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu zaidi, na hiyo ni faida ambayo hailipiwi hata shilingi.

Newala ina tabia yake. Iko juu ukingoni mwa uwanda, na asubuhi ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma ukatanda mpaka jua likolee. Fundi wa Newala asifungue mkeka wake kabla ukungu haujaondoka na ukuta wa karakana haujakauka. Usiku wa Juni na Julai baridi yake huchelewesha resini kukomaa, kwa hiyo kazi ianze saa nne asubuhi na iishe mapema alasiri. Masasi shida ni kinyume. Oktoba na Novemba mchana ni mkali, na resini inaweza kuganda koponi kabla brashi haijafika ukingoni. Huko kazi ifanyike asubuhi, chini ya kivuli, kamwe si juani. Mvua zikianza Desemba, mwenye subira aache kumimina mpaka zipite Aprili. Miezi hiyo vichongwe violezo.

Mkeka ukae ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, juu ya rafu, si sakafuni. Resini ikae mahali pa baridi na giza. Kwa kawaida umri wake dukani ni miezi kama 6, na joto la paa la bati huupunguza. Ukifungua debe ukakuta resini imekuwa nzito kama ya kuvutika, usiiongezee chochote ili kuifufua. Imekwisha.

Vipimo vinachukuliwa chomboni

Kosa linaloua kazi hii hutokea kabla hata hujanunua kopo moja: fundi kuletewa vipimo kwa simu. "Sentimita 60 kwa 60" haitoshi. Sitaha ya mashua karibu kila mara ina mgongo; katikati imeinuka, pembeni imeshuka, ili maji yatiririke. Mfuniko ulionyooka ukiwekwa juu yake utagusa katikati na kuacha mwanya pembeni, na mwanya huo hautazibika kwa silikoni hata uweke mikebe mitatu.

Mwambie mwenye chombo afanye hivi. Achukue boksi gumu, alisimamishe kwa ubavu juu ya sitaha penye shimo, kisha apitishe kalamu iliyolala juu ya kijiti ili ichore mgongo ule juu ya boksi. Akate kwa kisu, ajaribu tena, arekebishe mpaka mwanga usionekane chini. Afanye hivyo mbele ya shimo, nyuma yake, na katikati kwa urefu. Kisha apime pande nne na vilevile pembe kwa pembe, mara mbili. Vipimo viwili vya pembe vikitofautiana, shimo limepinda, na mfuniko lazima upinde nalo. Vipande hivyo vya boksi aviandike "omo" na "tezi" ili fundi wa Newala asije akageuza mbele nyuma. Na mfuniko wa zamani, hata kama umebaki nusu, ufungwe gazetini upelekwe pia. Unene wake, mkunjo wa kingo na mahali pa bawaba ni habari ambayo hakuna mchoro unaoifikisha vizuri.

Kila upande uachwe nafasi ya milimita 3 kwa ajili ya mpira wa kuzuia maji.

Kiolezo: hapa ndipo kazi ilipo

Faiba hainakili umbo ulilokuwa nalo akilini. Inanakili umbo ulilolichonga, pamoja na mkwaruzo wa msasa na alama ya patasi. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kazi hii ianze kwa seremala au mchongaji. Anayechonga barakoa ya ngoma ya mapiko anajua tayari jambo lililo gumu kumfundisha mtu mwingine: jinsi ya kufikiria kitu kwa upande wa nje na upande wa ndani kwa wakati mmoja, na kuacha ukuta mwembamba wenye unene ulio sawa kila mahali. Kiolezo cha faiba kinataka akili hiyohiyo.

Kama mfuniko wa zamani upo na haujapoteza umbo, ndio kiolezo chako. Unga nyufa zake kwa ndani, jaza mashimo kwa pati, piga msasa kuanzia namba 120 mpaka 600 na zaidi, kisha ung'arishe. Kama haupo, jenga wa mbao. Mbao iwe imekauka kweli, maana ikisinyaa baada ya kuchongwa itafungua nyufa usizoziona mpaka zijichapishe kwenye kazi. Plaiwudi nzuri kwa uso wa juu na mninga au mbao nyingine tulivu kwa kingo zinatosha. Mpingo tuuachie wachongaji wa vinyago: ni mzito, ni ghali, na miti ya jamii yake mara nyingi ina mafuta yanayoizuia poliesta kukomaa inapogusana nayo.

Mambo mawili ya umbo hayana msamaha. La kwanza ni mlalo. Kuta za pembeni zisisimame wima kabisa. Zifunguke kidogo kuelekea nje, digrii 2 au 3, ili kazi iweze kutoka kwenye kalibu, yaani umbo la kinyume linalonakiliwa kutoka kwenye kiolezo. Ukuta uliorudi ndani hata kwa milimita moja utaifunga kazi humo, na utaitoa kwa nyundo na majuto. La pili ni kona. Mkeka wa faiba haukunjiki kwenye kona kali. Unainuka na kuacha uwazi wa hewa nyuma yake, na mahali hapo ndipo mfuniko utakapopasuka mtu akiukanyaga. Zungusha kila kona kwa kipenyo cha milimita 10 au zaidi, za ndani kwa pati, za nje kwa msasa.

Mbao ikishanyooka, ifunge vinyweleo vyake kwa vanishi ya makopo mawili. Rangi ya mafuta na rangi ya selulosi haziwezi kazi hii, kwa sababu mvuke wa resini huzilainisha na uso wote unakunjamana. Jaribu kwanza kwenye kipande cha taka. Halafu nta: paka, subiri ikauke, futa mpaka kung'aa, rudia mara 5 au 6 kwa kiolezo kipya. Juu ya nta, kwa anayeanza, pitisha dawa ya kuachanisha, ile ya majimaji inayokauka ikawa utando mwembamba. Mafundi wengi wenye haraka huruka hatua hii, na wengi wao wamewahi kupoteza kiolezo na kalibu kwa pamoja.

Kalibu, au bila kalibu?

Hapa lazima mtu apige hesabu. Chukua mfuniko wa sentimita 60 kwa 60 wenye kingo za sentimita 5. Eneo lake ni karibu nusu meta ya mraba. Ukiweka tabaka moja la mkeka wa gramu 300 kwa meta ya mraba na matabaka matatu ya gramu 450, utatumia mkeka wa gramu 800 hivi. Mkeka hunywa resini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake, kwa hiyo resini kilo 2, na jelikoti, yaani resini yenye rangi inayokuwa uso wa nje, gramu 300. Unene utakuwa karibu milimita 4.

Kalibu yenyewe inatakiwa iwe na unene angalau mara mbili ya kazi itakayotoka ndani yake, pamoja na mdomo wa pembeni wa sentimita 10. Itakula mkeka zaidi ya kilo 2 na resini kama kilo 6. Kwa maneno mengine, kwa mfuniko mmoja tu, kalibu inagharimu karibu mara tatu ya mfuniko. Kama mwenye mashua ana mifuniko minne ya aina moja, au kuna vyombo vingine vya umbo hilo, tengeneza kalibu bila kusita. Kama ni mmoja tu, na hauna mikunjo mingi, kuna njia fupi ninayoipenda: tumia karatasi ya fomaika, ile inayong'aa ya kufunikia meza. Ikunje ifuate mgongo wa sitaha kama boksi lilivyoonyesha, iegemeze kwenye mbavu za mbao chini yake, zungushia kuta za fomaika hiyohiyo, jaza kona kwa pati na kuzizungusha kwa kidole, paka nta. Kumbuka kwamba sasa unafanya kazi ndani ya umbo: upande unaogusa fomaika ndio utakuwa uso wa juu wa mfuniko, kwa hiyo kilichopaswa kuinuka lazima kibonyee.

Kemikali

Hii ndiyo sehemu ambayo ningeomba isomwe kwa sauti karakanani.

Hadina ya poliesta ni peroksaidi. Tone moja likiingia jichoni linaweza kumpofusha mtu. Miwani ya kuziba pande zote ivaliwe kabla kifuniko cha chupa hakijafunguliwa, na ivuliwe chupa ikisharudi mahali pake. Maji safi yawe pembeni tangu mwanzo, ndoo nzima. Newala, ambako maji yana historia ndefu ya taabu na bomba linaweza kukauka siku usiyotarajia, hili lisiachiwe bahati: hakuna ndoo, hakuna kazi. Jicho likiguswa, lioshwe kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kupumzika, kisha mtu awahishwe hospitali, Mkomaindo kwa aliye Masasi, Ndanda kwa aliye karibu nako, hospitali ya wilaya kwa aliye Newala.

Resini nyingi huja zikiwa zimeshachanganywa na kichapuzi cha kobalti kiwandani. Zipo ambazo hazijachanganywa, na kobalti huuzwa peke yake kwenye chupa, kimiminika cha rangi ya zambarau au buluu iliyokolea. Kobalti na hadina visikutane moja kwa moja hata kwa tone, maana mchanganyiko huo hulipuka. Kobalti huingia kwenye resini kwanza, ikakorogwa mpaka ikaenea. Hadina hufuata baadaye. Sindano ya kupimia moja isitumike kwa vyote viwili. Anayeanza anunue resini iliyokwisha kuchanganywa, aachane na chupa hiyo.

Kipimo cha hadina ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Kwa gramu 500 ni gramu 5 hadi 10. Nunua mizani ndogo ya dijitali. Kukadiria kwa vifuniko vya chupa ndiko kunakofanya kazi ya leo igande kwa dakika 5 na ya kesho ibaki inanata wiki nzima. Ukishuka chini ya asilimia 1 resini haitakomaa kamwe, hata uiache mwaka. Masasi mchana anza na 1; Newala Julai unaweza kufika 2. Kabla ya kazi yenyewe jaribu gramu 100, tazama saa, andika ukutani.

Mchanganyiko uliobaki koponi hujichemsha wenyewe. Kopo likiwa refu, linaweza kutoa moshi na hata kuwaka. Mimina mabaki kwenye sinia pana au juu ya mchanga, nje, mbali na asitoni ya kuoshea brashi. Changanya kidogo kidogo, gramu 500 kwa mara moja, si zaidi. Ndoo za plastiki ya kawaida zinafaa; vikombe vyepesi vya foamu vitayeyuka mkononi.

Mvuke wa resini ni mzito kuliko hewa, unalala chini, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halisaidii. Fanyia kazi chini ya mwembe au kwenye banda lenye pande zilizo wazi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo hata kidogo. Inatakiwa yenye kichujio cha mkaa. Na siku ya kupiga msasa, vumbi la faiba ni vipande vya kioo: nguo ya mikono mirefu, glavu, barakoa ya vumbi, na watoto wasiwe karibu. Mabaki yasichomwe moto.

Mwisho wa mambo haya ni usafiri. Hadina na asitoni havipandi basi la abiria, hata vifichwe ndani ya begi la nguo. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na umuulize yeye namna ya kuvifikisha. Kinachopanda basi ni mfuniko uliokwisha kukomaa.

Siku ya kumimina

Mkeka ukatwe wote mapema, vipande vipangwe kwa mfuatano, glavu ziwe mkononi. Baada ya kopo la kwanza kuchanganywa hakuna nafasi ya kutafuta mkasi.

Jelikoti hupakwa kwanza, mara mbili, kwa brashi laini. Isubiriwe mpaka iguswe kwa kidole ikanata bila kubaki kidoleni. Ikiwa mbichi zaidi ya hapo, resini ya tabaka linalofuata itaikunja ikawa kama ngozi ya mzee, na hilo halirekebishiki. Kisha paka resini, laza mkeka wa gramu 300, na uchape kwa brashi ukisimamisha nywele zake, usivute kama unayepaka ukuta. Tazama rangi. Mkeka mkavu ni mweupe. Unapolowa unapotea, unaona jelikoti chini yake. Palipobaki peupe ni hewa. Pitisha rola ya chuma yenye mifereji, polepole, kutoka katikati kwenda nje, na utasikia viputo vikipasuka chini yake, mlio mdogo mkavu. Kagua kona mara mbili.

Tabaka hilo la kwanza liachwe ligande peke yake. Kisha matabaka mawili ya gramu 450 kwa mpigo. Usirundike manne kwa pamoja, kwani joto lake litapinda kazi nzima. Matabaka hayo mawili yakiwa bado mabichi, laza katikati kipande cha plaiwudi ya milimita 9 kilichokauka, kingo zake zimechongwa mteremko, ukikandamize kwa matofali yaliyofungwa nailoni. Hicho ndicho kitakachoufanya mfuniko usibonyee mtu akisimama. Mahali bolti za bawaba zitakapopita plaiwudi isifike. Pajazwe resini iliyokorogwa na vipande vya faiba mpaka ikawa uji mzito. Bolti ikipita kwenye mbao, maji yataifuata, na mbao itaoza ndani ya faiba bila mtu kuona. Juu ya yote, tabaka la mwisho la gramu 450 lifunike plaiwudi kabisa.

Kuna dakika chache za thamani ambapo faiba imeganda lakini bado ni laini kama soli ya kiatu. Hapo hapo pitisha kisu kikali ukingoni, na ziada yote itakatika kama boksi. Ukichelewa, utaikata kwa grainda, na vumbi lake utalala nalo.

Resini ya kawaida hubaki ikinata upande unaogusa hewa. Si kasoro, na ndiyo inayosaidia tabaka lifuatalo kushika. Kwa koti la mwisho la ndani, tumia ile iliyotiwa nta ya kufungia uso. Iache kazi ndani ya kalibu saa 24, na Newala wakati wa baridi saa 48. Poliesta husinyaa inapokomaa, hadi asilimia 7 ya ujazo wake, na kazi iliyotolewa mapema huendelea kusinyaa mezani ikajipinda itakavyo. Itoe kwa kabari za mbao, ukigonga nje kwa nyundo ya mpira, na ukamimina maji kwenye mwanya ikiwa ulitumia dawa ya kuachanisha.

Kisha chukua sarafu, ugonge uso wote, sentimita kwa sentimita. Palipo pazima hulia kwa ukali. Palipoachana hulia butu. Pabovu pakatwe na kujazwa upya kabla mwenye mashua hajaona, maana bahari itapaona.

Epoksi na mafuta ya korosho

Wapo watakaouliza kwa nini si epoksi. Ni imara zaidi, haisinyai sana, na inashika vizuri juu ya faiba kuukuu. Kwa kuziba ufa kwenye bodi la mashua yenyewe ningeichagua. Lakini ni ghali mara kadhaa, uwiano wake wa kuchanganya haubadilishwi kwa sababu ya joto, na mkeka wa kawaida umefungwa kwa gundi inayoyeyushwa na poliesta peke yake, hivyo epoksi inahitaji kitambaa cha faiba kilichofumwa. Epoksi hukaa juu ya poliesta; poliesta haikai vizuri juu ya epoksi. Usivichanganye kiholela.

Na kuna jambo kuhusu epoksi ambalo kila mkulima wa Newala, Tandahimba na Masasi anapaswa kulijua. Yale mafuta makali ya ganda la korosho, yanayobabua vidole vya kina mama wanaobangua, hutoa kemikali iitwayo kadanoli. Viwandani, kadanoli hutengenezewa hadina ya epoksi inayopendwa kwenye rangi za meli kwa sababu hukomaa hata penye baridi na unyevu. Sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ghafi, na ganda lake pamoja na mafuta hayo linaondoka nayo. Kila kiwanda cha kubangua kinachosimama huku Kusini kinabakiza nyumbani malighafi ya kemikali za boti, na hilo linastahili kuulizwa kwenye mikutano ya vyama vya msingi kwa uzito uleule wa kuuliza bei ya kilo.

Kuufunga mfuniko

Mfuniko ufungwe na mtu aliye mbele ya mashua, si kwa makisio. Uwekwe mkavu kwanza, bila mpira, mwanya ukaguliwe pande zote, ukingo upigwe msasa panapogusa. Matundu ya bolti yatobolewe makubwa kidogo, yajazwe epoksi, yatobolewe tena kwa kipimo chake. Chini ya kila nati iwe washa pana ya chuma kisichoshika kutu. Kisha mpira, silikoni ya baharini, na kukaza kwa zamu, bolti moja huku na nyingine kule. Mwagia ndoo kumi za maji juu yake, mtu akiwa ndani na tochi.

Kuna viungo ambavyo fundi wa faiba asivikubali peke yake. Usukani, mahali pa kushikia kamba za mlingoti, na chochote kilicho chini ya mstari wa maji vinabeba uhai wa watu; vinataka mtu aliyesomea uundaji wa boti, na mwenye chombo awasiliane na wakaguzi wa vyombo wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, au kwa Zanzibar mamlaka ya usafiri baharini, kabla ya kurudi majini. Vijana wa Masasi na Newala wanaotaka kufika huko waulize mafunzo FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, yenye kampasi Mbegani na pia Mikindani palepale. Serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za faiba, na Kilwa Masoko jiwe la msingi la bandari ya uvuvi liliwekwa Septemba 2023. Boti hizo zitapasuka na zitahitaji mafundi.

Na kama mashua ni ya mbao, jahazi au dau la zamani, usilifunike kwa faiba ukidhani unalifanyia hisani. Mbao inavimba na kusinyaa, faiba haifanyi hivyo. Maji huingia katikati na mbao huoza gizani. Chombo hicho kinataka kalafati na deheni kama kilivyozoea.

Kalibu ikishatoa kazi, isafishwe kwa maji, ipakwe nta, iandikwe kwa nyuma aina ya chombo, tarehe na kiasi cha mkeka kilichotumika, kisha ihifadhiwe kivulini ikiwa imelala kifudifudi. Bei ya mfuniko wa kwanza ihesabiwe pamoja na kalibu na mwenye mashua aambiwe hivyo waziwazi. Kwa mfuniko wa pili anatakiwa kulipa vifaa na siku mbili za kazi tu.